Kiti cha Mtangazaji

Mimi ni fundi wa mapazia, na kazi yangu naifanya mdomo ukiwa wazi. Nikikata kitambaa naongea, nikipinda naongea, cherehani ikigoma naongea nayo mpaka ikubali. Mwenzangu tunayechangia karakana ni mwanamke fundi wa viti, vya magari na vya sebuleni, naye ni kinyume changu kabisa. Ana kigugumizi. Mtaani wanamwita Sindano, kwa sababu ile sindano yake iliyopinda kama kucha ya paka haitoki kwenye ukosi wa nguo yake, hata akienda msibani. Wateja wageni hudhani ni bubu. Si bubu. Neno lake likitaka kutoka husimama mlangoni kwanza, hasa likianza na b, na yeye amezoea kuona watu wakichoka kulisubiri.

Hata mimi mwanzoni nilikuwa nammalizia maneno. Nilidhani namsaidia. Siku moja akaweka mkasi mezani, akaniangalia machoni, akaniambia kwa taabu yake yote kwamba neno lake ni lake, na kama nalitaka nilingoje. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Tangu hapo nimejifunza kungoja, jambo ambalo mume wangu hataki kuamini.

Sitaandika hapa kila mahali alipokwama. Karatasi zingeniishia, na yeye mwenyewe hapendi kuonewa huruma. Nitaandika pale tu inapobidi.

Sasa, mtu huyu asiyeelewana na herufi b, baba yake alikuwa mtangazaji wa redio. Na siyo mtangazaji wa hivi hivi. Alikuwa yule wa taarifa ya habari ya usiku, ambaye akianza kusoma watoto walinyamazishwa na vijiko vikawekwa chini. Watu walimwita Mzee Sauti. Amestaafu siku nyingi, lakini mpaka leo akiingia dukani kuuliza sabuni, watu wanageuka kama wametajiwa majina yao. Mzee huyo alijaliwa watoto watatu. Wa kwanza ni mwanamume, anaongea kama bomba lililopasuka. Wa mwisho ni msichana, anaimba kwaya. Wa kati ni Sindano.

Wageni wakija kwa mtangazaji, mtoto wa kati alipelekwa chumba cha nyuma. Hakufungiwa, hapana, aliambiwa tu akae huko mpaka wageni waondoke. Kati ya chumba kile na sebule palikuwa na pazia la maua ya njano, na nyuma ya pazia hilo ndipo alipowajua wakubwa wote wa mji, kwa vicheko vyao na viatu vyao. Mchana wageni wasipokuwepo, baba yake alimweka mezani, akawasha kinasa sauti, akampa karatasi za habari za jana asome. Akikwama, mzee alisema neno moja tu: "Rudia." Akikwama tena, "Rudia." Wakimaliza, mzee alirudisha kaseti nyuma, wakaisikiliza wote wawili. Nia yake ilikuwa kumtibu, sikatai. Lakini mtoto wa miaka minane kusikilizishwa kila siku anavyoshindwa kusema bei ya pamba, hiyo dawa ina uchungu wake.

Alipotoka nyumbani kwenda kujifunza ufundi, baba yake alimpa boksi zima la kaseti zile. Alimwambia asiache kujisikiliza.

Haya yote alikuwa amenisimulia kidogo kidogo, kwa miaka, leo sentensi, kesho nusu. Kwa hiyo siku kaka yake alipoleta kile kiti nilijua kinatoka wapi.

Kilikuwa kiti cha mikono, kizito, cha mbao ngumu, ambacho mzee alikikalia tangu enzi za redio. Kitambaa kilikuwa kimechakaa, sponji limekufa, springi moja imetoboa na kuchungulia. Kaka mtu ni meneja wa kampuni ya bima. Hata siku za mapumziko shati lake limenyooka kama karatasi. Alikaa kwenye ukingo wa meza yangu bila kuomba, juu ya pazia la mtu.

"Mwezi ujao mzee anatimiza themanini," alisema. "Tunamfanyia hafla nyumbani. Wenzake wa redio watakuja, majirani, ukoo mzima. Mimi nitasoma hotuba, mdogo wetu ataimba. Wewe tukaona umtengenezee kiti chake. Ndiyo itakuwa zawadi yako."

Sindano akafungua mdomo. Kaka akamuwahi.

"Na usijisumbue kusema chochote siku hiyo. Hatutaki ufedheheke. Kiti kitasema chenyewe."

Akaacha kitambaa kizuri cha rangi ya zabibu, akaenda zake. Mwenyewe hakujua alichokuwa ameagiza.

Sindano alikaa kitako akikitazama kile kiti muda mrefu. Mimi nilikuwa naongea, bila shaka, sikumbuki nini. Kisha akainuka, akachukua koleo, akaanza kung'oa misumari ya zamani mmoja mmoja na kuitupa kwenye kopo, na kila msumari ulivyokuwa ukigonga bati nilijua mtu huyu ana hasira.

Kalio la kiti alilitengeneza kama alivyoagizwa. Springi mpya, mkanda mpya, sponji zito, juu yake kile kitambaa cha zabibu, mshono umenyooka mpaka unatia wivu. Mgongo wa kiti, pale mtu anapoegemea, aliuacha mifupa mitupu. Siku ya pili akaja na lile boksi la kaseti.

Alizivunja kwa nyundo ndogo. Akautoa ule utepe wa kahawia, mita kwa mita, ukajaa sakafuni kama nywele za saluni. Nilimuuliza kama ana akili timamu. Akatabasamu. Akautandika kwenye fremu ya mgongo juu ya gunia, akaanza kuusuka kama mkeka, juu, chini, juu, chini, ukabana ukawa kitambaa kinachong'aa, cheusi ukisimama huku na cha kahawia ukisimama kule.

Upande wa kushoto akashonea kipande cha pazia la maua ya njano. Pazia hilo alilipata mama yao alipofariki. Walipogawana vitu, kaka alichukua kabati, mdogo mtu akachukua sahani na cherehani, yeye akaomba pazia. Walimcheka. Aliliweka kwenye mfuko wa plastiki miaka yote hiyo, na mimi fundi wa mapazia sikuwahi hata kuambiwa lipo.

Upande wa kulia akabandika ukurasa wa gazeti la zamani. Ulikuwa na picha ya familia: baba ameketi kwenye kiti hiki hiki, mama nyuma yake, kaka mkono wa kulia, mdogo mtu mapajani. Juu yake maandishi makubwa, Familia ya Sauti Inayopendwa. Siku mpiga picha alipokuja, Sindano alitumwa dukani kununua chumvi. Chumvi ilikuwepo nyumbani, tena kopo limejaa. Aliporudi alikuta mpiga picha anafunga begi lake. Sasa akaenda kwa jirani yetu, fundi wa kupaka magari rangi, akaomba mabaki ya rangi nyekundu, ile ya moto, na kwa brashi nyembamba akajichora ndani ya picha. Hakujichora pembeni. Alijichora katikati, mbele ya wote, mrefu kuliko kabati lililokuwa nyuma yao, ana pakiti ya chumvi mkononi.

Kazi iliyomchukua muda zaidi ilikuwa herufi. Alizitengeneza b nyingi, kila moja kwa kitu chake: moja ya zipu, moja ya bati la kopo, moja ya mkanda wa gari, moja ya vifungo vya sare ya shule, moja ya ngozi, moja ya waya wa springi ile iliyotoboa kiti. Akazishona kwa mstari katikati ya utepe, zimefuatana, zimesukumana, nyingine zimelala, nyingine zimepandana. Mwisho wa mstari kulikuwa na neno moja lililokamilika, limeshonwa kwa uzi mweupe: Baba.

Niliacha kushona. Nilisimama nikalisoma.

"Unataka kumwambia nini mzee?" nilimuuliza baadaye, sauti imeshuka.

"Nimeshasema," akanijibu. "So-soma tu."

Niseme ukweli, siku hiyo nilikuwa upande wa kumzuia. Nilimwambia mzee ni mtu mzima, siku ya sherehe si siku ya kesi, haya angeweza kumwambia wakiwa wawili. Akaniuliza ni lini. Akaniuliza ni nani aliyewahi kukaa kimya muda wa kutosha mpaka amalize. Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Kaka mtu alikuja na gari kukichukua siku moja kabla ya hafla. Sindano akavuta shuka. Kaka akakitazama kiti, uso ukambadilika kama mtu aliyeuma pilipili akidhani ni karoti.

"Hii ni nini?"

"Ki-kiti cha mzee."

"Umeharibu. Umeweka takataka." Akasogea, akaona gazeti. "Na hii umeipata wapi? Unataka kumuaibisha baba mbele ya watu? Chukua kitambaa kilichobaki ufunike. Funika mgongo wote. Sasa hivi, mimi nasubiri."

"Ha-hapana."

"Sikiliza, mdogo wangu. Nusu saa tu. Unapiga stepla, basi."

"Hapana."

Akanigeukia mimi. "Dada, wewe una akili. Hebu mwambie."

Nilikuwa na mkasi mkononi na kitambaa chake cha zabibu kilikuwa mezani kwangu. Nilikikunja vizuri, nikakiweka kwenye mfuko, nikampa. Nikamwambia anipishe kwenye meza, nina kazi ya watu. Sijui ujasiri huo niliutoa wapi.

"Basi kesho usikilete," akamwambia Sindano. "Nitanunua kiti kingine. Na wewe ukija, njoo kama mgeni."

Akaondoka akifunga mlango wa gari kwa nguvu.

Kesho yake tulikipakia kwenye gari la yule jirani wa rangi, tukakifunga kamba, tukaenda. Sindano alivaa nguo yake nzuri ya buluu, sindano ikiwa ukosini. Uani palikuwa na turubai, viti vya plastiki mistari kwa mistari, spika mbili kubwa, na wazee wa redio mstari wa mbele wakisalimiana kwa sauti zao za kulipiwa. Getini tukamkuta mdogo mtu, amejipamba, macho yamemjaa machozi.

"Dada, nakuomba. Leo tu. Siku nyingine yoyote."

"Siku nyi-nyingine nitakuwa chumba cha nyuma," Sindano akamjibu, bila ukali. Akamshika bega, akampitisha pembeni. Tukakibeba kiti, yeye upande mmoja mimi upande mwingine, katikati ya watu, mpaka mbele. Tukakiweka chini, mgongo umeelekea wageni kwanza; kwa nyuma kilikuwa kiti cha kawaida. Kisha Sindano akakigeuza.

Minong'ono ikaanza nyuma ikaja mbele. Kaka akasimama na hotuba yake mkononi. Lakini Mzee Sauti alikuwa ameshainuka. Ni mrefu bado, ana suti ya kijivu na fimbo anayoishika kama hana haja nayo. Akakisogelea kiti. Akavaa miwani.

"Familia ya Sauti Inayopendwa," akasoma, kwa sauti ile ile ya taarifa ya habari, na uani pakanyamaza. "Picha hii naikumbuka. Huyu mwekundu ni nani?"

"Ni mi-mimi."

"Wewe hukuwepo."

"Ulinituma chumvi."

Fimbo ya mzee ikasogea kwenye mstari wa herufi.

"Na hapa pameandikwa nini?" Na kwa sababu amezoea maisha yake yote kwamba kilichoandikwa kinasomwa, akaanza kukisoma kwa sauti. "B... b... b... b..."

Akafika kwenye b ya vifungo, akajisikia. Nilimwona akijisikia. Ile sauti iliyokuwa ikinyamazisha vijiko ilikuwa imekwama kwenye herufi moja mbele ya wenzake wote wa kazi, na mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Mzee akafunga mdomo.

Kaka akaruka. "Baba, anachojaribu kusema ni kwamba..."

Sindano akainua mkono. "Ni-ni-ninazungumza mimi."

Akazungumza. Ilichukua muda, sitadanganya. Watoto walianza kusogea sogea, mama mmoja akakohoa, mtu wa spika akawa anachezea waya. Yeye hakuharakisha. Alieleza pazia ni la wapi. Alieleza utepe ule ni sauti yake mwenyewe, miaka yake yote ya utoto akisoma habari asizozielewa. "Uliniambia ni-nijisikilize," alisema. "Nimejisikiliza. Haina u-ubaya wowote. Ni sauti ya mtu." Akasema herufi zile ni jina la baba yake kama yeye anavyoliita, na kwamba kila mara alipoliita, mzee aliona mtoto anayeshindwa, wakati mtoto alikuwa anaita. Kisha akageuka amtazame, ili alitaje hilo jina. Likasimama mlangoni. Midomo ikajibana, shingo ikakaza. "B... b... b..." Nilikuwa nimekunja ngumi mpaka kucha zinaniuma, nimekaa kimya. "Ba-ba."

"Rudia," mzee akasema.

Sidhani alikusudia. Nadhani lilimtoka lenyewe, kama mtu anavyopiga mswaki. Lakini lilisikika mpaka getini.

Sindano alisimama wima. "Si-si-sirudii," akasema. "Umesikia."

Hata spika ziliacha kukoroma. Mzee akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mimi hapo sikai," akasema.

"Sawa. Ku-kukaa ni hiari yako. Kiti ni ka-kazi yangu."

Mzee Sauti akaketi kwenye kiti cha plastiki siku yake ya kutimiza themanini, na kile kiti kipya alichonunua kaka, cha ngozi, nacho hakukigusa. Kaka akasoma hotuba yake ndefu, hakuna aliyesikiliza. Macho yote yalikuwa kwenye lile egemeo. Mdogo mtu akaimba, sauti ikitetemeka, akaimba vizuri kuliko alivyowahi. Watu walipoanza kula, walipita mmoja mmoja kutazama. Shangazi mmoja alisema huo ni ukosefu wa adabu, na alilisema kwa sauti ili lisikike. Mwingine alisimama pale sahani mkononi mpaka chakula kikapoa.

Mzee mmoja mfupi, aliyekuwa fundi mitambo wa redio, akagusa utepe kwa kidole. "Humu ulikuwa unasoma nini?" akamuuliza Sindano.

"Be-be-bei ya pamba."

"Ilipanda au ilishuka?"

Sindano akafikiri. "Sijui. Sikuwahi ku-kufika mwisho."

Yule mzee akacheka mpaka akashika meza, na Sindano akacheka naye. Nilifurahi kumwona akicheka kwenye ua ule.

Tulikiacha kiti pale. Ilikuwa zawadi, na zawadi hairudi na mtoaji. Lakini wiki iliyofuata alipoenda kumsalimia baba yake, alikikuta wapi? Chumba cha nyuma, kimeelekezwa ukutani, juu yake kumerundikwa magazeti na feni mbovu. Hakugombana. Alipiga simu kwa jirani wa rangi aje na gari. Akatoa feni, akatoa magazeti, akayapanga vizuri sakafuni, akakiburuta kiti mpaka sebuleni. Mzee alikuwa anakunywa chai.

"Unakipeleka wapi?"

"Karakana."

"Ulinipa mimi."

"Nilikupa u-ukikalie, au ukikatae. Sikukupa u-ukifiche. Chumba kile sikai tena, na kazi yangu haikai."

Hayo nilisimuliwa na jirani wa rangi, aliyekuwa ameshika upande wa pili wa kiti na hakujua aangalie wapi.

Tukakiweka mlangoni mwa karakana, kimeelekea barabara. Watu wakawa wanasimama. Wengine walicheka, wengine waliuliza kama ni tangazo la biashara. Mama mmoja muuza maandazi alikuja asubuhi akakaa, akaegemea, akalia, akainuka akaenda kuuza maandazi yake. Mwenye hoteli moja akataka kukinunua akiweke mapokezi, lakini akasema gazeti litolewe, na zile b zipungue, zinachosha macho. Sindano akamwambia hakiuzwi. Nilimkanyaga mguu chini ya meza kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Naye akanikanyaga mimi.

Kaka alipiga simu mara nyingi. Alisema watu wanaongea. Alisema kuna mtu kazini amemwonyesha picha ya kiti kwenye simu. Alisema atakuja na kitambaa na fundi mwingine akifunike usiku. Sindano aliweka simu kwenye spika na kuendelea kushona kiti cha basi, na kaka alipomaliza kufoka akamwambia neno moja: "Jaribu." Lilitoka safi, bila hata kusita. Kaka hakujaribu.

Miezi ilipita. Siku moja, mvua imetoka tu kukatika, teksi ikasimama mlangoni na Mzee Sauti akashuka. Nilimwamkia, akaitikia, na mteja wangu akageuka kutafuta redio iko wapi. Mzee akasimama mbele ya kile kiti kwa muda. Akamwambia binti yake kwamba amekuja kuomba jambo. Kiti kirudi nyumbani, kitakaa sebuleni, mbele ya wageni, lakini ile picha ya gazeti itolewe.

"Watu wataniona mimi ni mtu wa namna gani," akasema. Na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti ile ikiwa ndogo.

Nilimtazama mwenzangu. Ingekuwa mimi, pale ningelegea. Mzee wa themanini, viatu vimelowa, amekuja mwenyewe. Macho ya Sindano yalikuwa mekundu, lakini hakulegea.

"Ki-kitarudi kama kilivyo," akasema. "Au ki-kitabaki kama kilivyo."

Mzee akarudi kwenye teksi bila kuaga. Sindano akaingia ndani, akawasha mashine, akashona mshono uliopinda kama barabara ya mlimani, akaufumua, akaushona tena. Mtu akitaka kujua kama nampenda yule mwanamke, ajue kwamba siku ile nilikaa kimya mpaka tunafunga.

Baada ya hapo mzee akaja tena. Sikuwa nimemtarajia. Hakuomba chochote. Alikizunguka kiti, akashika mikono yake ya mbao aliyoizoea, akaketi. Lakini hakuegemea. Aliketi ncha ya kiti, mgongo umenyooka, kama anasubiri taa nyekundu iwake aanze kusoma habari. Sindano akavuta stuli, akaketi mbele yake. Nikasema naenda kununua uzi. Uzi ninao wa kutosha kufunga mji mzima, lakini niliondoka.

Niliporudi bado walikuwa pale. Sindano alikuwa anaongea, amekwama mahali, na mzee alikuwa ameuma mdomo wa chini kama mtu anayezuia kikohozi. Nilijua anachozuia. Neno likafika, mzee akaliachia lipite, akaitikia kwa kichwa.

Sasa huja mara moja moja. Hawajapatana kama watu wa kwenye tamthilia, wakakumbatiana na kulia. Siku nyingine wanabishana, siku nyingine mzee anajisahau anammalizia neno, na Sindano anaacha kuongea mpaka amwombe radhi. Mpaka leo hajaegemea kile kiti hata mara moja. Sindano anasema hiyo ni juu yake, kiti kina subira.

Yeye mwenyewe ameanza kazi nyingine. Amepata mlango wa gari uliobondwa, amepata shati jeupe, amepata vitambulisho vya zamani vya kampuni ya bima na ile hotuba ya kaka mtu, iliyochapwa kwenye karatasi nzuri, ambayo mdogo mtu alimletea baada ya hafla bila kuulizwa inaenda kufanya nini. Anavikata, anavibandika, anapaka ile rangi nyekundu juu yake. Kaka mtu amesikia. Jana amepita na gari lake taratibu, kioo kimeshushwa, shingo imetoka nje kama kobe. Hakusimama. Akapita tena kurudi, taratibu zaidi.

Nilidhani Sindano atatupia shuka, maana kazi haijakwisha na yeye hapendi kazi isiyokwisha ionekane. Akaweka brashi chini, akafuta mikono. Akaushika ule mlango kwa mikono miwili, akaugeuza ukaelekea barabara, akaurudisha nyuma kidogo ili jua liupate vizuri. Kisha akachukua brashi yake, akaendelea.